Shaba katika Amri ya Nane

Mimi ni Hinke, mfagiaji wa kanisa letu
huku Frislandi, juu ya kilima cha udongo
uliopandishwa na mababu kwa ndoo, wakikimbia maji.
Hatuna sanamu. Hatuna picha ya mtakatifu hata mmoja.
Ukutani tuna ubao mweusi, mrefu kuliko mlango,
na juu yake amri kumi kwa herufi za dhahabu.

Mwaka ule herufi zilikuwa zimefifia,
watu wakizisoma kwa kumbukumbu, si kwa macho.
Wazee wakamwita Wiebren, mpaka rangi wa milango na mikokoteni,
wakamkabidhi vijitabu vinane vya dhahabu,
kurasa nyembamba kiasi kwamba ukipumua zinaruka.
Nilimtazama. Brashi yake ya manyoya ya kindi
aliipitisha kwanza shavuni,
kwani dhahabu haikubali kuinuka
ila kwa mafuta kidogo ya uso wa mtu.
Hilo nililiwaza siku nyingi.

Alipomaliza, Mchungaji Tjaard alihubiri saa mbili
kwamba sheria ni kioo.
Nikasema moyoni: naam, baba, lakini kioo
humwonyesha mtu masizi, hakimnawishi.
(Nilikuwa na sababu. Makaa ya jiko la kanisa
yaliijua njia ya kwangu:
ndoo moja kila Jumamosi, chini ya matambara.)

Kisha vuli, na ukungu wa mifereji.
Nilipanda kufuta utando wa buibui, nikaona
amri ya nane, inayokataza wizi,
imeota kijani.
Saba za juu shwari, mbili za chini shwari.
Ile moja tu, kama jibini iliyosahauliwa kabatini.

Dhahabu haioti kutu. Shaba huota.

Nikasimama katikati ya ngazi, kitambaa mkononi.
Kwa nini hapo? Kwa nini asiibe kwenye Sabato,
ambako maneno ni mengi na nani angejua?
Labda hakuwa na wazo lolote
mpaka alipolifikia lile neno la kukataza.
Ukiambiwa mlango huu usiuguse,
ndipo mkono unapolijua komeo.

Sikusema. Ningesemaje? Ndoo yangu nayo ingesema.
Kila wiki nilifuta vumbi, mstari ule nikauruka.

Usiku mmoja wa Desemba, Jumamosi, barafu kila mahali,
Wiebren akaingia na taa.
"Nimeuza ndama," akasema, akafungua leso.
Ndani yake kijitabu.
"Mchana siwezi. Nishikie ngazi, sakafu inateleza."
Sikumuuliza kitu. Naye hakuniuliza
habari za ndoo iliyokuwa kati yetu,
makaa yakichungulia chini ya tambara.

Alikwangua shaba yote. Ubao ukabaki mtupu.
Kwa muda wa saa nzima amri ile haikuwepo,
mngeweza kuchukua kitu chochote ulimwenguni,
nasi tulinong'ona kama watoto walioamsha mtu.
Kumbe ilikuwepo.

Kisha brashi, kisha shavu.
Shavu lilikuwa limelowa; ukurasa wa kwanza ukakunjamana,
ukawa takataka ya thamani.
Akajifuta kwa mkono wa koti. Akangoja.
Akaanza tena.

Ubao ule unajua kila kitu tunachopaswa kuwa
na hauongopi hata herufi moja.
Lakini haujawahi kushuka ukutani
kumshikia mtu ngazi.
"Umeshika?" aliuliza kutoka gizani kule juu.
"Nimeshika," nikasema,
na masizi ya viganja vyangu yakabaki kwenye mti,
yapo mpaka leo, ukitazama.

Alipoondoka niliirudisha ndoo jikoni, nikamwaga makaa.
Za nyuma zilikwisha kuwa majivu zamani.
Hizo sijui nitazilipaje.
Nilizihesabu njiani, kwenye barafu: arobaini na moja.
Sijawahi kuzihesabu kabla.